Mbata za Jirani

Masika haya mbingu haina msimamo: jua linakuchoma kisogo, na kabla hujafuta jasho umeshalowa.

Juzi nilikuwa Msambweni, afisini kwa mudir, nikingojea cheti cha mbuzi. Bibi mmoja alikuwa amemshitaki jirani yake kwa mnazi wa mpakani. Mwaka mzima hawasemezani. Huyo jirani alikuwa bado hajafika, mara mvua ikapiga bati. Bibi akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mbata zangu! Nimeziacha uwanjani, jua lilikuwa kali!"

Mbata, hizo nazi za kukausha juani, zikinyeshewa huota ukungu, na kazi ya wiki nzima imekwenda na maji.

Mvua ilipokatika akaingia yule jirani, leso zake zikichuruzika.

"Shikamoo, bwana mudir. Niwie radhi, nilikuwa ninaanua mbata."

"Zako?"

"Zake."

Bibi akatazama ukuta. "Bwana mudir, muulize kama zimelowa."

"Mwambie hata moja. Zimo jikoni kwangu."

"Mwambie ahsante."

Mudir akaweka kalamu chini. "Kwani mimi ni tarishi wenu?"

Nami nikawaza: mbingu imegeuka mara tatu tangu asubuhi bila kuombwa na mtu, na hawa wanataka serikali iwapelekee neno moja.

Bibi akajifunga leso upya, akageuka, akamtazama mwenzake usoni.

"Na zako je?"

"Zimelowa."

"Haya, twende tukazianike, kabla jua halijaghairi."