Ukili Ulioponyoka Kidoleni

Nakumbuka asubuhi moja hapa hapa Kipungani, mwanangu, nilipoinama kuvaa viatu bila kupiga kelele. Usicheke. Kwa miezi mingi maumivu yalikuwa yakinishika kiunoni na kuteremka nyuma ya paja hadi unyayoni, na viatu nilivalishwa na mume wangu. Nikapelekwa Mombasa, daktari akanidunga sindano ya steroidi mgongoni, na baada ya siku chache maumivu yakatoweka. Nikajiona nimepona. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Daktari alikuwa kijana mpole wa kutoka bara. Alinieleza polepole: "Mama, dawa hii inapunguza uvimbe pale mshipa wa fahamu ulipobanwa. Mgongo bado haujapona. Usikae umeinama, tembea kidogo kidogo. Na mguu ukilegea au ukifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo." Nikaitikia haya, haya, na moyo wangu uko kwenye mkeka.

Mkeka wenyewe ulikuwa wa msikiti wetu, wa safu nzima ya waswalio, na Ramadhani ilikuwa inakaribia. Wenzangu walisuka kili, zile kanda ndefu za majani, mimi ndiye mshonaji wa kuziunganisha, na nilijivunia mshono wangu kuliko wanangu, Mungu anisamehe. Wajua tushonavyo: unaketi chini, unainama, unabana ncha ya ukili kwa kidole gumba cha mguu ili uvute uzi ukaze. Nilikaa hivyo tangu alfajiri hadi adhuhuri, siku tatu mfululizo. Hakuna kilichouma, basi niinuke kwa nini?

Siku ya nne ukili uliponyoka kidoleni. Nikaurudisha, ukaponyoka tena, nami sihisi kitu. Nilipoinuka kwenda kutawadha, kidole kikakwaa kizingitini. Shangazi yangu, Bi Zeinabu, alikuwa barazani akaniona.

"Mbona guu walikokota?"

"Ni ganzi tu, shangazi. Itaondoka."

"Ganzi gani hiyo? Ndoo twende Amu kwa daktari, yeo hii!"

"Leo siendi Lamu, nimalize kwanza. Watu wangoja mkeka."

"Na hao watu watakupa guu?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia uzee umemtia woga. Bi Zeinabu alijifunika buibui lake akaenda zake, nami nikarudi kushona.

Nilificha mguu ule wiki nzima. Nilipofika hospitali, mshipa ulikuwa umebanwa siku nyingi mno. Nilipasuliwa, maumivu hayakurudi, lakini mguu nao haukurudi. Mpaka leo unyayo unaning'inia, na naswali juu ya kiti.

Mkeka ulisifiwa Ramadhani moja. Kisha msikiti ukaletewa mazulia, na siku moja nikapita nikauona mkeka ule umefunika mifuko ya saruji, mshono wangu bado umekaza. Nililia kwa hasira pale njiani, na aliyenitia hasira ni mimi mwenyewe. Bi Zeinabu alikwisha kufa, sikuwahi kumtaka radhi.

Siilaumu sindano, mwanangu. Ilinipa nafasi ya kupumzika na kuujenga mgongo polepole, mimi nikaitumia kuinama zaidi. Wewe umerudi jana kudungwa sindano ile ile, plasta mgongoni, na leo nimekukuta umeinamia beseni la nguo, unaimba. Nimeijua furaha hiyo. Usiiamini. Fuata uliyoambiwa na daktari hata kama huumwi na kitu, na mguu ukikuhini hata kidogo usione haya, piga kelele, niamshe, tutakwenda. Nguo zitafuliwa na wengine, na wakinuna wanune.

Mwenyezi Mungu akuponye, akujaalie usujudu kwa miguu yako miwili hadi uzeeni, wala asikupe kichwa kigumu kama changu. Amina. Sasa liache hilo beseni.