Mgeni Aliyekuja Kutulimia

Mnisamehe makosa ya tahajia na mwandiko uliopinda. Niliishia darasa la nane na naandika polepole, lakini jambo hili nikijaribu kulisema kwa mdomo linanishinda.

Dada yangu ni mtangazaji wa redio mjini Machakos. Alipotangaza kwamba malori ya mchanga wa magendo yanapita kwenye kizuizi cha polisi bila kusimamishwa, alianza kupigiwa simu na watu wasiojitaja. Mara mbili aliitwa kituo cha polisi kuandika taarifa. Alipoitwa mara ya tatu hakwenda. Alijificha kwa shangazi yetu Mitaboni, na huku nyumbani Mwala tuliojua ni mama na mimi tu.

Wiki hiyo ilikuwa zamu yetu ya mwethya. Majirani hapa hulimiana kwa zamu. Anayekuja na jembe lake huonyeshwa mtaro wa kuchimba, kisha hupewa chakula. Haulizwi ametoka wapi, maana kumwuliza ni kama kumfukuza.

Mwanamume mmoja alifika na jembe jipya, karatasi ya dukani bado imeganda kwenye mpini. Kila mtu alidhani amekuja na mwingine. Alichimba kwa nguvu, lakini udongo aliutupa upande wa chini. Sisi huutupa upande wa juu, ili ukingo uzuie maji ya mvua. Hata mtoto wa hapa anajua hilo. Nilimtazama, nikaendelea kuchimba.

Wakati wa kula alikaa karibu na mama na sahani yake ya isyo.

"Mama, mahindi na maharagwe haya nikiyala kila siku sitarudi kwangu," alisema, na wanawake wakacheka. "Na yule msichana wako wa redio? Siku hizi hatumsikii."

"Amechoka tu. Yuko kwa shangazi yake Mitaboni."

"Pale sokoni?"

"Hapana, nyuma ya kanisa. Ongeza chakula, umefanya kazi."

Alinawa mikono akaondoka, mtaro wake haujaisha.

Nilimfuata mama jikoni. "Mwaitu, yule amekuja na nani?"

"Wewe na wasiwasi wako. Unashuku hata mtu aliyekulimia?"

"Lakini amekuja na nani?"

Mama alitoka akauliza majirani mmoja mmoja. Hakuna aliyemjua. Aliporudi alinipa simu yake. Nilimpigia dada, naye akatoka kwa shangazi na mfuko mmoja wa nguo. Jioni hiyo wanaume wawili walifika huko kwa gari lisilo na namba, wakamwulizia kwa jina.

Mpaka leo hajakamatwa. Hutupigia yeye, kila mara kwa laini nyingine. Mama akiomba msamaha, dada humwuliza habari za mbuzi. Juzi nilimwuliza analala wapi.

"Heri usijue," alisema.

"Hata mimi? Si ni mimi niliyekuonya?"

"Hata wewe."

Simlaumu, ila naumia. Nyinyi mnaosoma, kama mna ndugu katika kazi hii ya habari au ya kutetea watu, niandikieni. Niambieni kama alirudi kuwaamini, na ilichukua muda gani.