Koki Chini ya Valvu

"Mvuke wa Kiomboi unanisikiliza mimi kuliko Raheli," Antipasi alitangaza kwenye mnada wa mavuno kanisani, jogoo aliyemnunua akiwa kwapani. Waumini walicheka. Raheli, mkewe, naye alicheka, ila kwa meno ya mbele tu.

Hakuwa mwongo sana. Kwenye kiwanda cha kukamua alizeti cha mama Urmila, boila, tangi la chuma linalochemsha mvuke wa kuendesha mashine, ilikuwa yake kama ng'ombe alivyo wa mchungaji: anamlisha, anamwamsha, anamlaza, maziwa yanakwenda kwa mwenyewe.

Msimu huu valvu ya usalama ilianza kuvuja. Hiyo ndiyo inayofunguka yenyewe kutoa mvuke presha ikizidi, na kanuni yake ni fupi kuliko sala ya chakula: kati yake na boila usiweke kitu cha kufunga. Antipasi aliijua. Lakini maji ya chumvichumvi yaliichafua kila baada ya siku mbili, na kuisafisha kulitaka boila izimwe, ipoe. Wakulima nao walikuwa wamepanga foleni mpaka barabarani, kila mmoja kalalia magunia yake, maana mkulima wa Iramba hakubali alizeti yake ichanganywe na ya jirani. Anataka mafuta yake na mashudu yake. Wakaanza kumuuliza kama mvuke nao umeanza kumjibu ovyo.

Jumapili, boila ikiwa imepoa, aliweka koki ya kuzuia mvuke chini ya valvu. Sasa angeifunga, asafishe, aifungue, kazi ikiendelea. Kanuni, alisema, ziliandikwa kwa ajili ya wasahaulifu.

Alhamisi aliifunga koki, akasafisha valvu, akairudisha valvu mahali pake. Hapo hapo akaitwa: gari la msiba wa shangazi yake linaondoka kwenda Kinampanda, anasubiriwa yeye tu. Akamwachia zamu Benjamin, mdogo wake Raheli, akarukia garini.

Kaburini, alipoinama kuchota udongo, alikumbuka vizuri alivyoifunga koki. Akatafuta kichwani alivyoifungua, hakukuta kitu. Akampigia Benjamin, simu ikaita mpaka ikakata. Alidondosha udongo kando ya kaburi na kudandia bodaboda, ndugu wakimtazama kama mwizi wa rambirambi.

Huku nyuma mkanda wa mashine ya kukamua ulikuwa umekatika. Mvuke ukakosa pa kwenda, na moto unawaka. Benjamin aliona mshale wa geji ya presha umevuka mstari mwekundu, akashika koleo kuutoa moto, kiungo cha bomba kikaachia mbele yake, mvuke ukamrukia.

Antipasi alipofika, wakulima walikuwa wamesimama mbali na magunia yao kwa mara ya kwanza msimu ule. Benjamin alikuwa ameshapelekwa hospitali. Antipasi alipanda juu ya boila. Koki ilikuwa imefungwa.

Wodini, Benjamin alikuwa na bandeji kuanzia vidoleni mpaka shingoni, Raheli kakaa pembeni yake. Antipasi alisimama mlangoni.

"Shemeji," Benjamin alisema, "nilijua valvu umeitengeneza. Ilikuwa kimya."

Raheli hakugeuka. "Nani aliifunga njia ya mvuke?"

"Mimi."

Raheli alimwambia kuwa nesi anataka dawa ya kupaka inunuliwe nje, na ngozi ya mdogo wake haisubiri mtu amalize kusimama.

Duka la kwanza la dawa aliloingia Antipasi walikuwa nayo. Tyubu moja, shilingi elfu nane na mia tano. Akalipa, akarudi nayo wodini.