Trakta Iliyopimwa kwa Kamba

Naikumbuka siku trakta yangu ya kwanza iliposhushwa kutoka kwenye behewa, hapa stesheni ya Kamina. Naikumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yangu, na mume wangu habishi, maana ananijua. Ilikuwa nyekundu, na magurudumu yake yalinifika mabegani. Mimi ni binti wa fundi wa reli, mwanangu. Kwetu mashine nzuri ilikuwa ile inayotikisa vikombe kabatini ikipita. Kipimo kingine sikukijua.

Nilikuwa nimeolewa katika familia ya wakulima, nje kidogo ya mji. Mume wangu alikuwa kazini Bukama, na mama yake, Mama Ngoie, alikuwa ameniachia shamba la hekta nne na ng'ombe wake saba. Alikuwa mjane, na ng'ombe wale ndiyo mali pekee aliyoachiwa na marehemu. Nilitakiwa nilime mahindi, na mvua ikiisha nikate majani ya bondeni na kuyakausha kabla moto wa nyika haujayafagia. Bila majani yale, ng'ombe hawafiki mwisho wa kiangazi.

Mama mkwe aliizunguka trakta mara moja tu, kisha akaniuliza, "Itageukia fasi gani?"

Nikamwambia kwamba mashine yenye nguvu namna ile hugeuka popote. Akarudi kwa ng'ombe wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu lilikwisha kuvunjika, ila kwa furaha sikusikia maumivu.

Wewe unavijua vichuguu vya huku kwetu, vingine virefu kuliko nyumba. Shamba letu lilikuwa navyo tisa, na mahindi tunayapanda katikati yake. Siku ya kwanza niliiingiza trakta kati ya viwili, ikashindwa kugeuka, nikarudi kinyumenyume kama mtu aliyeingia kanisani padri ameanza mahubiri. Sehemu kubwa ya shamba tukailima kwa jembe mwaka ule. Bado nilijigamba. Niliwaambia watu wangoje majani ya bondeni, huko ndiko wangeona kazi.

Wakaiona. Mvua ilipokatika niliiteremsha bondeni, mahali ambapo udongo unaonekana mkavu juu na chini yake kuna maji. Haikufika hata katikati. Ilizama mpaka tumbo, na tulichimba siku nne kuitoa. Majani yalizidi kuwa magumu, na upande wa Kaniama moshi ulikuwa umeanza kuonekana.

Mama mkwe hakunifokea. Alikwenda kwa akina mama wenzake wa kanisani, wakaja na miundu na mapanga, wakakata kwa siku sita huku wakiimba. Nami nilikata nao, kichwa chini. Yalipatikana majani ya kutosha ng'ombe watano. Wawili ikabidi wauzwe, na mmoja wao alikuwa yule mweusi ambaye mama mkwe alimkamua mwenyewe kila asubuhi. Alimtoa zizini kwa mkono wake. Nililia, mwanangu, nisikufiche. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Nilipompigia magoti aliniambia maneno machache tu.

"Ulisemezana na ule mwenye kuuzisha. Na shamba, ulisemezana nayo siku gani?"

Trakta ile haikuwa mbaya, nisiisingizie. Tulimuuzia mtu mwenye uwanda mpana usio na kichuguu, na huko ilifanya kazi vizuri. Kabla ya kutafuta nyingine, mama mkwe alichukua kamba, tukapima pale vichuguu vilipokaribiana zaidi, akafunga fundo. Tukapima na daraja la magogo lililo njiani kwenda shambani, akafunga fundo la pili. Kisha akaenda nayo kwa muuzaji mjini na kuanza kuzipima trakta moja moja.

Muuzaji akacheka. "Mama, weye unapima trakteri ao unaishonea nguo?"

"Cheka tu, baba," akamjibu. "Kama filta inakufa, tutaipata hapa Kamina ao tutangoja treni?"

Kicheko kikaisha, akaanza kujibu kama mtu mzima. Tukatoka na trakta ndogo, nyepesi, ambayo hata sikuipenda kwa macho. Lakini ilipita kati ya vichuguu. Bondeni iliacha alama ndogo tu, ikivuta mashine ya kukatia majani. Asubuhi mbili zilitosha kukata, siku tatu kukausha, kisha tukaunga mkokoteni nyuma na kubeba yote hadi ghalani. Kiangazi kile ng'ombe walinenepa, na mimi pia.

Miaka ilipopita nilimuuliza mama mkwe kwa nini hakunifukuza mwaka ule wa matope. Alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua macho.

"Ngombe inazalaka ingine," akasema. "Bibi wa mutoto yangu, nitamupata wapi ingine?"

Basi, mwanangu, kabla hujaitazama rangi ya mashine, tembea shambani kwako kwa miguu, wakati wa mvua na wakati wa jua. Pima njia, pima daraja, jua utageukia wapi. Kwa hekta chache chukua trakta isiyoumiza udongo, ilime, ikate majani na kuvuta mkokoteni, na fundi wa karibu awe anaifahamu. Mwenye shamba dogo hana aibu; aibu ni kulivalisha kiatu kisicho chake. Na nawe ukija kuwa mkubwa katika nyumba, siku mdogo wako akizamisha mali yako matopeni, mtafutie kwanza mundu. Maneno yatangoja.

Mungu akupe majani yasiyonyeshewa yakiwa yamelazwa chini, akuzidishie zizi, na akikupa ukwe, akupe mama mkwe kama wangu.