Sauti Safi

Nilijiunga na chuo cha ufundi wa sauti pale Malindi kwa sababu moja tu: nyanya yangu. Kwao Takaungu hakukuwa na harusi iliyotimia bila yeye kuongoza ngoma ya vugo, wanawake wenzake wakigonga pembe za nyati na kumwitikia. Wanaume hatuingii humo, na hakuna aliyewahi kumrekodi. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Nilitaka sauti yake ibaki.

Chuo chenyewe kilikuwa chumba nyuma ya duka la kaseti, miaka ile ya themanini ambapo kila mwenye redio-kaseti alijiita fundi. Mwalimu alikuwa amekaa Ulaya, akifanya nini hakuna aliyejua, akarudi na hedifoni shingoni ambazo hazikuvuliwa hata akienda sokoni kununua samaki. Mtambo wa kuchanganyia sauti ulichorwa ubaoni kwa chaki. Tulikwenda ubaoni mmoja mmoja tukasukuma vidude vya chaki juu na chini, naye mwalimu amefumba macho. "Hapo sasa! Mmesikia tofauti?" Tulisema tumesikia. Nani angekubali kuwa kiziwi peke yake?

Somo kuu lilikuwa sauti safi. Kuku akilia nje, uchafu. Mkokoteni wa maji ukipita, uchafu. Fundi wa kweli, tuliambiwa, harekodi mpaka pawe kimya kabisa. Na hapo ni Malindi, karibu na soko!

Dada yangu alipoolewa, mwalimu akaamua vugo la harusi ndilo liwe mtihani wetu. Nilifurahi mno. Shangazi aliingiza maikrofoni uani kwa wanawake, waya ukatokea dirishani hadi barazani tulikokaa na kaseti mpya. Spika moja ilielekezwa ndani ili mwalimu atoe maagizo. Na alitoa, jamani!

Nyanya akaanza kuimba. "Kina mama, pembe zinaharibu," mwalimu akanguruma kwenye spika. "Tuanze tena." Kila aliposema hivyo aliirudisha kaseti mwanzo, afute yale machafu. Nyanya akaanza tena bila pembe. "Vigelegele pia hapana. Tuanze tena." Akaanza. "Na hao wanaoitikia, tafadhali. Nataka sauti moja tu."

Uani kukawa kimya kama matangani, na bibi harusi amekaa mumo humo. Mwalimu alitugeukia akitabasamu. Nilitamani kumtia waya shingoni pamoja na hizo hedifoni zake.

Kaseti ilikuwa ikizunguka nyanya alipoisogelea maikrofoni. "Wee mwalimu, yuwaolewa nani leo, mwanetu ama wewe? Wanambia niimbe peke yangu. Aimbaye peke yake harusini yuwalia, baba." Akafyonya, kisha, alivyotusimulia shangazi baadaye, akaing'oa maikrofoni kwenye waya wake kama anayeng'oa muhogo.

Ndipo pembe zikalipuka. Tulilisikia vugo lote kupitia ukutani, na sijasikia jingine kama lile. Mwalimu hakushughulika nalo. Alikuwa ameinamia kaseti yake, akisikiliza kimya kilichokuwa kikiingia, na alitupasisha sote kwa sababu ya kimya hicho.

Nyanya hakufika harusi nyingine. Kaseti ile ninayo mpaka leo. Naisikiliza anapomkemea mwalimu, namsikia akifyonya, nausikia waya ukichomoka, kisha naizima haraka, maana kuanzia hapo ni sauti safi tupu.