Lango Lililofungwa Tukiwa Ndani

Juzi niliona mafundi wakikwangua kutu kwenye lango la makaburi ya zamani, ikanirudia harufu ya alasiri moja ya utoto wangu. Tulitoka mtaani kwetu Umoja, mimi na mama, kumtembelea mdogo wangu aliyezikwa akiwa mchanga. Tukiwa kaburini, mlinzi alifunga lango kwa mnyororo akaenda kula.

Nilikimbia nikang'ang'ania vyuma. Tao la mawe juu ya lango lilikuwa refu mno. Niliamini lilijengwa hivyo ili wafu wapite wakiwa wamesimama. Kumbe wakoloni walilipima ili yapite magari ya farasi yaliyobeba majeneza.

“Mama, mwite mlinzi atufungulie!”

“Tulia, atarudi tu.”

Nililia nikidhani hakumwona mlinzi akifunga. Lakini mama alikuwa ameketi akilitazama lango. Sasa naelewa: alimwona akifunga, akanyamaza, apate kukaa na wanawe wote wawili.