Nusu Yai la Mgeni

Enzi zetu kule Kilangala, mgeni akila tulimhesabia matonge. Watoto wa leo hawawezi kulielewa jambo hilo, maana mgeni akija hawainui hata macho kwenye simu. Kwetu sisi mgeni alikuwa habari kubwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoifungulia biashara milango, maduka ya Lindi mjini yalikuwa yameanza kujaa tena sabuni za kunukia na biskuti za pakiti, mitumba ikauzwa gulioni, na kila mwenye mtaji wa gunia moja alijiita mfanyabiashara. Lakini ruksa hiyo ilichelewa sana kufika kwenye chungu cha mama. Chungu chetu kiliendelea na ugali wa muhogo na kisamvu, na ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini, chakula kilipopungua. Yai tuliliona likitagwa, tukaliona likiatamiwa, basi.

Tuliambiwa mtoto akizoea mayai anakuwa mwizi. Mimi na mdogo wangu Mwanahawa tuliamini kabisa, ingawa mwizi wa mihogo aliyejulikana kijiji kizima hakuwa hata na kuku. Baba alikuwa ameshafariki, mama alitulea peke yake kwa shamba la mikorosho, na yeye mwenyewe hakuyagusa mayai. Ukimuuliza kwa nini, alikunja uso. "Mayai yananichafua moyo," alisema, na yakaishia hapo.

Yai lilikuwa la mgeni. Mjomba Selemani, kaka yake mama, alipotoka Lindi na marobota yake ya mitumba, mama alipika wali, akaunga mchuzi, akachemsha yai moja, akalikata katikati na kuziweka nusu mbili juu ya mchuzi, viini vikitazama juu. Mimi na Mwanahawa tulijibanza nyuma ya mlango wenye pazia la kanga kuukuu. Lile pazia lilikuwa na tundu moja, na tulipokezana jicho kwa zamu. Mjomba alikula nusu ya kwanza. Hapo roho zetu zilisimama, maana adabu ya kwetu ilitaka mgeni abakize kidogo kwa ajili ya watoto wa nyumba, lakini nani wa kumlazimisha? Mjomba alijilamba vidole, akalitazama lile pazia kama mtu asiyejua lolote, akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Nusu ya pili ilibaki. Tuliigawana kwa uzi wa cherehani ili pasiwe na dhuluma. Wanaosema mgeni njoo mwenyeji apone, sisi tulipona kwelikweli.

Siku moja alikuja mke wa bwana shamba mpya, mama mpole aliyetoka mbali huko bara. Alikula wali, akala nusu ya kwanza, akala na ya pili, akapangusa mchuzi wote kwa tonge la mwisho, kisha akashukuru kwa moyo safi. Mwanahawa alilia hadi akapata kwikwi. Nilimwambia mama kwamba yule mgeni hana adabu, na nikadhani ataniunga mkono.

"Usiseme hivyo," mama akanijibu. "Kila nyumba ina adabu yake. Huenda kwao sahani tupu ndiyo shukrani."

Maneno hayo niliyasahau miaka mingi, hadi nilipokuwa mwalimu wa sayansi na kupelekwa Japani kwa mafunzo ya wiki mbili. Mwenyeji wangu, mwalimu mwenzangu aitwaye Sachiko, alinipeleka kula rameni katika hoteli ndogo inayosifika mtaani kwao. Alikuwa ameitafuta kwa makusudi, kwa kuwa walipikia mchuzi wa kuku mtupu na mimi nguruwe sili. Nje kulikuwa na foleni ndefu, watu wametulia kimya. Sisi tuliopanga foleni za mgao utotoni tunaijua foleni. Nilidhani kuna sukari imeletwa. Kumbe wote walikuwa wanasubiri tambi.

Ndani palikuwa na viti kama kumi tu, vimekizunguka kibaraza cha jiko, na mpishi alikuwa bibi mzee mwenye aproni. Nilimwamkia shikamoo kabla sijakumbuka niko wapi, naye akainama vizuri tu. Bakuli likaja limejaa tambi ndefu, mchuzi, majani ya vitunguu na kipande cha kuku. Juu yake yai lililokatwa katikati, viini vinatazama juu. Pembeni yangu watu wazima wenye tai walikuwa wanavuta tambi kwa kelele, fyuuu, bila wasiwasi. Kwetu ukivuta mchuzi hivyo unakula kofi. Mama angekuwepo, angewatandika wote kwa mwiko.

Nilikula vizuri mno. Nilikula tambi, nikala kuku, nikanywa mchuzi wote. Nikala nusu moja ya yai, na nyingine nikaiacha bila hata kufikiri, vijiti vya kulia nimeviweka kando, tumbo limeridhika.

Bibi alipokuja kuchukua bakuli alilitazama, akanong'ona maneno na Sachiko. Uso wake ulikuwa umeanguka.

"Anauliza yai lina kasoro gani," Sachiko aliniambia. "Hapa mgeni akibakiza, mpishi anajua amekosea."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikamwomba Sachiko amweleze kuwa kosa ni langu. Yai lilikuwa tamu, na kwetu linapokuwa tamu ndipo unawabakizia watoto walio nyuma ya mlango. Sachiko alieleza. Bibi akasema kitu kifupi.

"Anasema na yeye alikuwa nyuma ya mlango," Sachiko alitafsiri. "Lakini baba yake hakuwahi kubakiza."

Bibi akachukua vijiti, akaiokota ile nusu yai, akaila palepale amesimama, taratibu, amefumba macho. Mtu aliyechemsha mayai maisha yake yote. Nami nikamkumbuka mama na uso wake uliokunjwa, na kwa mara ya kwanza nikaona shaka juu ya ule moyo wake uliokuwa unachafuka.

Niliporudi nilikwenda Kilangala na tambi za pakiti. Nilichinja kuku, nikapika mchuzi mwembamba, nikaweka yai la nusu mbili juu, nikamtengea mama barazani. Alikula nusu ya kwanza bila kukunja uso hata kidogo.

"Mama, si ulisema mayai yanakuchafua moyo?"

"Yalikuwa yananichafua mlipokuwa nyuma ya mlango," akasema, akaendelea kunywa mchuzi wake.

Siku hizi mayai tunanunua kwa trei, mtoto anayakataa kwa kuwa kiini hakikuiva anavyotaka yeye. Wajukuu wa mama walikuwa ndani na simu zao, wameshiba chipsi mayai walizonunua Lindi, wala hawakujua kama bibi yao anakula. Mayai yameongezeka, ila sioni tena wanaobakiza, wala wanaochungulia.

Mama alifuta mdomo, akanisogezea bakuli. Nusu ya pili ilikuwa palepale.

"La nani hili?" nikamuuliza.

"La mtoto. Kula, Somoe, litapoa."

Nikalichukua, nikaenda kusimama nyuma ya mlango, mtu mzima na mvi zangu. Nilipolila hadi katikati, mkono ukasita wenyewe. Nikampigia simu Mwanahawa huko Kilwa Masoko, nikamwambia sehemu yake ipo, nimemwekea.